Pipa la Nyumba ya Kona

Mstari wetu ulikuwa na nyumba sita chini ya paa moja, na paa lenyewe hulioni. Ukisimama nje ulikuwa unaona ukuta tu, umepanda kupita dari, umenyooka juu kama ubavu wa sanduku, na mabati yamefichwa nyuma yake. Wageni wakija kutoka nyumbani walikuwa wanainua macho na kuuliza, "Sasa nyumba hii mvua inashukia wapi?" Maana kwetu magharibi, wakati huo, paa lilikuwa la nyasi, na mvua ilidondoka pande zote, kila mtu akapata ya kwake. Mimi niliwajibu kwa mkato: "Inashukia kwa Mama wa Kona."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya ule ukuta na mabati kulikuwa na gata ya kukusanya maji ya paa, imejengwa kwa simiti na kupakwa lami, haionekani kwa mtu aliye chini. Ilipita juu ya vyumba vyetu vyote, tangu nyumba yangu iliyokuwa ya kwanza karibu na vyoo, mpaka nyumba ya mwisho pale kona, njia ya kwenda kanisani. Hapo kona kulikuwa na paipu moja inayoshuka ukutani. Moja tu, kwa nyumba sita. Na chini ya ile paipu lilisimama pipa jeusi la Mama wa Kona, na kipande cha bati alichokikunja ili kiyaongoze maji yaingie.

Majina yote ninayo. Ukiniamsha usingizini nitakutajia mlango kwa mlango, baba, mama, watoto na aliyezaliwa wakati wa njaa, na hata yule kuku wa nyumba ya tatu aliyekuwa na jina la waziri. Lakini sitaandika hata moja. Watoto wa wale watoto wanasoma, na wengine wameoana na wangu. Huyu atabaki Mama wa Kona, kama tulivyomwita sote, na mimi nilikuwa Mama wa Kwanza, kwa sababu ya nyumba yangu. Jina zuri kwa mtu ambaye alikuwa hapati kitu.

Mvua ikianza, nilikuwa naisikia kabla ya wengine. Kwanza gata ilinong'ona juu ya kitanda changu, halafu ikaanza kuongea, halafu ikakimbia. Nilalapo pale nilisikia maji yakiniacha. Yanapita kwa wa pili, kwa wa tatu, yanazidi kunenepa njiani, na mwishowe kule mbali nasikia yanaanguka ndani ya pipa kwa kishindo, pwaa, kama mtu mnene aliyefika kwake akakaa. Mimi mdomo wangu unakauka. Mvua imeninyeshea mimi pia, au sivyo? Sasa mbona inalala kwa mwingine?

Mume wake alikuwa karani. Wangu alikuwa wa reli, mtu wa kuunganisha mabehewa, mikono yake ya grisi na nguo zake za buluu iliyokolea, na hakuna maji duniani ya kung'arisha nguo kama hizo. Yule karani alitoka kila asubuhi na shati jeupe mpaka unafumba jicho. Watu walisema, "Aa, ni maji ya mvua hayo." Nilikuwa naona wivu hata kwa shati.

Lakini shati ningelisamehe. Ambalo sikuweza ni kitambaa cha madhabahu.

Nieleze vizuri. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa kulea wadogo zangu. Kanisani, wenzangu wengine walisimama mbele wakasoma somo, mmoja aliandika mambo ya mkutano, wengine waliimba sauti ya pili. Mimi nilikuwa na kitambaa. Tangu kabla sijazaa mtoto wa tatu, mimi ndiye niliyefua kitambaa cheupe cha madhabahu. Jumapili baada ya ibada nilikifunga ndani ya shuka, nikajitwika furushi kichwani, si mkononi, kichwani, na nikatembea nalo kutoka kanisani, nikapita kona, nikapita milango yote ya mstari wetu mpaka kwangu. Watu walinyamaza kidogo nikipita. Waliokuwa wanagombana walishusha sauti. Jumatatu nilifua, nikatia wanga wa muhogo, nikapiga pasi ya makaa. Jumamosi nilikirudisha vile vile, kichwani. Hilo ndilo lilikuwa somo langu, na nililisoma mbele ya watu wote bila kufungua kitabu.

Basi mabomba ya mtaa yakazeeka. Maji ya mfereji yakaanza kutoka na rangi, mekundu asubuhi, na mchana kama yameoshewa vikombe. Sisi tulikunywa, tukapikia, nguo za rangi hazikusema kitu. Kitambaa kilisema. Kila wiki kilirudi kanisani kimefifia kidogo, mpaka Jumapili moja mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mmoja mrefu kutoka upande wa Huruma, akanishika mkono pale nje, wenzangu wote wamesimama.

"Mama wa Kwanza, usichukie. Kitambaa kimekuwa kama chai ya maziwa."

"Ni mfereji," nikasema.

"Najua ni mfereji. Ndiyo tumeonelea Mama wa Kona asaidie. Yeye ana maji ya mvua."

Asaidie! Mtu anayesaidia anashika upande mmoja nawe unashika mwingine. Huyu alichukua chote. Na unajua alikibebaje? Kwapani. Alikikunja akakitia kwapani kama gazeti la mume wake, akaenda zake anazungumza habari za bei ya maharagwe. Nilimfuata nyuma mikono mitupu, na kichwa changu kilikuwa chepesi mpaka shingo ikaniuma.

Kwenye mfereji hawakuniacha. Kulikuwa na mama mmoja wa nyumba ya tatu, mwenye yule kuku, ulimi wake hauna kifuniko.

"Mama wa Kwanza, leo Jumatatu, hufui vya Bwana?"

"Bwana amehamia kona," mwingine akajibu.

"Amefuata maji."

"Hata mimi ningehama."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa meno. Nikajaza debe langu maji mekundu nikaenda.

Kiangazi kimoja fundi akatumwa kuja kupaka gata lami mpya. Aliwasha moto hapo nje, akaweka lami ndani ya debe, ikachemka ikanuka mtaa mzima, na watoto wakaizunguka kama ni harusi. Akaegemeza ngazi kwenye ukuta wangu. Nikamwuliza, "Fundi, huko juu kuna nini?"

"Panda uone, mama."

Alitania. Lakini mimi nilikuwa nimelala miaka yote chini ya kitu ambacho sijawahi kukiona. Nikafunga leso juu ya nguo, nikaikaza kiunoni, nikapanda. Wanawake wa mstari wakatoka wote. Watoto wakapiga kelele, "Mathe anaenda mbinguni!" Mama wa kuku akasema, "Salimia kitambaa!"

Nikafika juu, nikachungulia. Loo. Mabati yote yalilalia upande mmoja, yanaelekea ukutani, na hapo chini yake gata, upana wa karai, kavu, ndefu, imenyooka mpaka kona. Ndani yake kulikuwa na manyoya ya njiwa, mipira ya makaratasi ya watoto, kiatu kimoja, na masizi meusi laini yanayotoka kule viwandani.

"Inaanzia hapa kwako," fundi akaniambia akionyesha kwa brashi. "Hapa ndiyo juu. Kule ndiyo chini. Kwa hiyo maji yanatoka kwako yanakwenda kule."

"Haiwezi kugeuzwa?"

"Kugeuzwa? Mama, labda tuibomoe nyumba tuijenge imeangalia huku."

Nikashuka na habari moja tu moyoni: chanzo ni kwangu. Yale maji anayojivunia, yanazaliwa juu ya kitanda changu mimi. Sikunawa hata miguu. Nikaenda moja kwa moja mpaka kona na leso yangu kiunoni.

Mama wa Kona alikuwa amekaa mlangoni anachagua ndengu. Yeye alitoka Ukambani, sehemu kavu kabisa, na ndengu alikuwa anazichagua punje kwa punje, akiokota kokoto anaiweka kando kana kwamba nayo atakuja kuihitaji.

"Dada, leo nimeona," nikasema. "Hayo maji yako yanaanzia kwangu. Juu ya kitanda."

Akainua macho. "Kumbe?"

"Ndiyo. Chanzo ni kwangu."

"Basi asante," akasema, akarudi kwenye ndengu.

"Asante tu?"

"Ulitaka nisemeje, mwenzangu? Leta ndoo. Kila siku nasema leta ndoo. Wenzako wote wanaleta. Wewe tu ndiye hujaleta."

Na ilikuwa kweli. Mvua ikiisha, mlango kwa mlango walikwenda na ndoo zao, naye akawagawia kwa kata, hana choyo. Lakini mimi niende nikasimame kwenye mstari niombe maji yaliyopita juu ya kichwa changu? Nikapokee kwa kata, niseme asante? Nikamwambia ya mfereji yananitosha. Akatazama leso yangu iliyokuwa imeingia lami, akaokota kokoto nyingine.

Baba watoto aliporudi kazini alikuwa ameshasikia yote njiani.

"Mama watoto, nasikia umepanda paa, ukayaona maji, ukateremka, ukayakataa."

"Yalikuwa ni yangu."

"Ndiyo umeyakataa?" Akavua viatu anacheka. "Lakini shati za yule karani zinang'aa, hilo tusifiche."

"Nenda ukaishi naye basi."

"Na karani au na shati?"

Sikumpa chai mpaka alipoacha kucheka.

Mwaka ule mvua ya masika ilichelewa. Tuliingia Kwaresima na vumbi, tukaikaribia Pasaka na vumbi, na pipa la kona likakauka mpaka ukiligonga linaita kama kengele. Nisiseme uongo, nililigonga mara nyingi nikipita. Halafu, wiki ile ile ya Pasaka, Mama wa Kona akaletewa habari kuwa mama yake ni mgonjwa huko kwao. Akaja mlangoni kwangu na kiondo begani, na mikononi ameshika lile furushi.

"Kitambaa cha Pasaka," akasema. "Nimemwambia mwenyekiti utafua wewe. Mvua ikija, pipa ni lako, fungua, tumia. Lakini dada, ya kwanza usiikinge. Geuza lile bati uiache imwagike, mpaka paa lioge kwanza. Halafu ndiyo ukinge."

"Sawa," nikasema.

"Ya kwanza usiikinge."

"Nimesikia, dada. Safari njema. Msalimie mama."

Alipopotea kule barabarani, nililibeba lile furushi kichwani nikatembea nalo mpaka kona kuangalia kama pipa liko salama. Halafu nikarudi nalo. Pipa lilikuwa salama hata kabla sijaenda, lakini milango yote ilikuwa wazi saa ile.

Sasa lile neno lake lilinikaa kooni. Eti ya kwanza nisiikinge! Kwetu mvua ya kwanza ndiyo mvua. Nilipokuwa mtoto, ikianza tu tulikuwa tunatoa vyungu vyote uwanjani. Bibi yangu alituita mmoja mmoja akatunawisha macho nayo, eti tuone vizuri mwaka mzima. Mtoto mchanga alitolewa nje akadondoshewa utosini. Na huyu, anayetoka kusikonyesha, ndiye anifundishe mimi kupokea mvua! Nikajiambia: hataki nipate yaliyo mazuri. Anataka nipate makombo, halafu kitambaa akifua yeye kiwe cheupe kuliko nikifua mimi.

Ikaja Alhamisi Kuu alasiri. Nilikuwa nakunja nguo kitandani nikaisikia gata inanong'ona. Nilitoka mbio. Nilikimbia mbele ya milango ya wenzangu nikishindana na maji yangu mwenyewe, wao wakiuliza, "Kuna nini? Nani amekufa?" na maji yakanishinda, nilipofika paipu ilikuwa tayari inakohoa. Ilitoa upepo kwanza, halafu vumbi, halafu ikatapika. Nikalikamata lile bati kwa mikono miwili nikalielekeza ndani ya pipa. Ya kwanza kabisa. Nilinawa macho nayo. Nilikuwa nimelowa mpaka ndani na ninacheka peke yangu, na mama wa kuku alisimama mlangoni kwake ananitazama kama aliyemwona mtu akicheza ngoma bila ngoma.

Pipa lile ni jeusi ndani. Maji yoyote ungeyatia humo yangeonekana meusi. Nilichota karai mbili nikapeleka kwangu, na kwa vile wingu lilikuwa limefunga na nyumba ina giza, niliona rangi kidogo nikasema ni kivuli cha pipa, kwa kuwa moyo wangu ulitaka kiwe kivuli. Nikaloweka kitambaa hapo hapo, na sabuni. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, na kwetu Ijumaa Kuu hakuna kufua, hata leso ya mtoto. Basi kikalala mle karaini siku nzima ya mateso ya Bwana, mimi niko kanisani nalia pamoja na wengine, na ndani ya machozi nina furaha yangu.

Jumamosi asubuhi nililitoa karai nje kwenye jua. Nikakiinua kitambaa.

Kilikuwa na rangi ya chai ya rangi, si hata ya maziwa. Na juu yake vidoa vyeusi kila mahali kama vya nzi, na pale pembeni bonge la lami limelala limejipanua. Masizi ya miezi yote ya kiangazi, na mavi ya njiwa, na ile lami mpya iliyokuwa imepikwa na jua, vyote vilikuwa vimeshuka na ya kwanza. Paa lilikuwa limeoga, na mimi nilikuwa nimechukua maji yake ya kuogea nikafulia kitambaa cha Pasaka.

Nilisugua. Vidoa vikawa mistari. Nikasugua tena, mistari ikakutana. Jua linapanda, kesho ni Pasaka, mwenyekiti anangoja, na mimi nimekaa chini mbele ya mlango na mikono yangu kama ya Baba watoto. Nikasikia kivuli kimesimama. Nikajua ni nani kabla ya kuangalia, kwa harufu ya ndengu na vumbi la basi.

"Uliikinga ya kwanza," Mama wa Kona akasema.

"Niliikinga. Mama anaendeleaje?"

"Ameketi, anakula." Akakitazama kitambaa. Akateremsha kiondo.

Nilingoja apige kelele. Nataka niseme ukweli, nilitamani apige kelele. Angefungua mdomo mstari wote usikie, angenitukana, nami ningepata kitu cha kumshika. Hakupiga. Akapandisha nguo kidogo akachuchumaa mbele yangu.

"Una mafuta ya taa?"

"Ya stovu."

"Lete. Na kitambaa laini. Halafu usisugue tena, unaipa lami chakula. Unagongagonga tu, hivi."

Tukainama pamoja. Yeye anadondosha, mimi nagonga. Vidoa vikaanza kuachia kimoja kimoja.

"Kwenu ya kwanza mnaifanyia nini?" akaniuliza.

"Tunanawa macho."

"Kwetu tunawapa mbuzi. Na mbuzi wenyewe wanasita."

"Lakini sisi hatuikingi kwa paa. Tunaitegea uwanjani."

"Sasa si ungeitegea uwanjani?"

Nikagonga.

Tukaenda kona tukalimwaga pipa lote. Liliniuma jambo hilo kuliko kitambaa, pipa zima la maji ya kwanza, linakwenda zake njiani na watoto wanaliruka. Akalisugua ndani kwa mchanga. Halafu tukakaa mlangoni kwake tukangoja mawingu, kila mmoja anaangalia kwake. Alasiri yakashuka. Paipu ikakohoa. Mama wa Kona akalisukuma lile bati kwa mguu, maji yakapiga chini, ya kahawia.

Maji yanamwagika na pipa liko wazi!

"Sasa?" nikamwuliza.

"Bado."

Yakawa kama chai.

"Sasa?"

"Bado, dada. Una haraka kama askari wa kodi."

Yakawa meupe kabisa, mimi kwa macho yangu sikuona kitu ndani yake.

"Sasa!"

Akatia kiganja chini ya paipu, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akaonja tena. Akarudisha bati kwa kidole cha mguu. "Sasa."

Tulisuuza humo, tukatia buluu ya kufulia, tukatia wanga. Kwa kuwa nje kulikuwa na mvua, tulikaushia kwake kwa pasi. Ndipo nilipoingia chumbani kwa yule mwanamke mara ya kwanza. Ukuta wa upande wa paipu ulikuwa umeota kijani kutoka darini mpaka chini, rangi imebanduka, na kitanda chao wamekisogeza katikati ya chumba. Pembeni aliweka sufuria, na tone linaanguka humo, tik, tik.

"Gata inavuja humu," akasema. "Nimesema mpaka nimechoka. Wakipaka lami, inahama inavujia mahali pengine. Watoto wanakohoa."

Nilimwambia pole, na nilimaanisha. Lakini macho yangu yaliiendea ile sufuria yenyewe, na nikawaza: hata ndani!

Vidoa vyote vilitoka. Lile bonge la pembeni likagoma. Lilipungua, lilipungua, likabaki ukubwa wa ukucha, jeusi, limekaa. Mama wa Kona akakikunja kitambaa ili lile doa liangalie nyuma, upande wa ukutani, ambako mchungaji tu angeliona, naye hakuwa mtu wa kuangalia chini. Akafunga furushi. Asubuhi ya Pasaka akanipa.

"Beba wewe."

Nikalitwika. Nilitangulia, yeye akaja nyuma na watoto wetu, na mstari wote ukatoka kwa nguo za sikukuu. Hata mama wa kuku alisogea kando. Shingo yangu ilisimama mahali pake. Nilisema moyoni, imerudi. Kazi yangu imerudi.

Mwenyekiti alipokitandika alirudi nyuma hatua akakitazama. "Mama wa Kona, jamani! Hiki kimeng'aa kuliko siku zote."

Nilimtazama Mama wa Kona. Angeweza kunishtaki hapo, wanawake wote wanasikia. Angeweza pia kusema, kafua huyu, na ingekuwa nusu ya ukweli, nami ningeichukua hiyo nusu nikaifanya nzima. Akasema, "Tumefua wawili. Na tangu leo tutafua wawili, kazi ni kubwa kwa mtu mmoja."

"Vizuri sana," mwenyekiti akasema. "Huo ndio upendo."

Na ikawa hivyo. Akapata sifa ya weupe, akapata na sifa ya upendo, zote zikashukia kwake kama maji ya gata. Mimi nikapata nusu. Furushi tulipokezana, Jumapili hii kichwani kwangu, Jumapili ijayo kwapani kwake. Nilimwomba ajitwike kama mtu, akasema kichwa chake kinauma. Jumatatu tulifua pamoja kwenye pipa lake. Nikajifunza kugeuza bati kwa mguu, nikajifunza kusema "bado." Lakini "sasa" ilibaki yake. Nilionja maji yale miaka yote, sikuwahi kujua ulimi wake ulikuwa unasikia nini.

Kitambaa kile kilifanya kazi mpaka kikachakaa. Kipya kilipoletwa, mwenyekiti alituambia cha zamani tugawane wafuaji, kwa kuwa hakifai kutupwa wala kufanywa kitambaa cha kupangusia. Mama wa Kona alitoa mkasi akakikata katikati, sawasawa. Akanipa nusu iliyo safi. Nusu yenye doa akabaki nayo.

Yangu niliiweka sandukuni, ndani ya karatasi, chini ya nguo yangu ya harusi. Yake aliifunga mdomoni mwa pipa, ichuje maji. Kila asubuhi nikienda mfereji niliiona pale, imekazwa kwa kamba, na doa langu liko juu katikati linaangalia mbingu. Maji ya mvua yaliipitia kila mara, ikazidi kuwa nyeupe. Yangu ilikuwa inageuka manjano kwa kukaa.

Nilivumilia, halafu siku moja nikashindwa. Nikasimama mbele ya pipa na debe langu.

"Dada, tubadilishane."

"Tubadilishane nini?"

"Vitambaa. Nikupe changu, unipe hiki."

Akanitazama kama siku ile ya lami. "Lakini chako hakina doa."

"Ndiyo. Na hilo doa ni langu."

"Najua," Mama wa Kona akasema. "Chanzo ni kwako." Akacheka, akachukua kifuniko, akafunika pipa lake.